Prosesa gani na RAM ngapi kwa desktopu mpya ya kuediti video za harusi? Wajuzi njooni

mzee_wa_lensi

Wakuu habari za jioni, nawasalimu kutoka Tanga. Naombeni ushauri maana nimeangalia video za YouTube mpaka kichwa kinauma na kila mtu anasema lake.

Mimi napiga na kuediti harusi, send off, kitchen party, wakati mwingine na misiba watu wakihitaji. Natumia Canon R6 na nyingine ndogo M50 kwa ajili ya engo ya pembeni. Mpaka sasa naediti kwa laptopu ya i5 jenereshani ya 8, RAM GB 8, na hapo ndo mateso yalipo, nikiweka klipu za R6 kwenye Premiere (programu ya Adobe ya kuediti) inakwama kabisa, naplay sekunde mbili inaganda, sauti inaendelea picha imesimama, bibi harusi kashaingia ukumbini kakaa kwangu bado yupo mlangoni. Halafu Windows 10 yenyewe wameshaacha kuihudumia tangu Oktoba 2025 kwahiyo nimeona bora nijipange nijenge desktopu moja ya maana nitulie nayo.

Kadi ya grafiki tayari ninayo, RTX 3060 ya GB 12, nimeipata kwa jamaa aliyekuwa anahama. Kesi pia ninayo na pawa saplai mpya ya W650. Bado prosesa, mazabodi na RAM, SSD ntanunua ya TB 1. Hela niliyotenga kwa hivyo vitu vitatu ni kama milioni moja na laki tano, naweza kusogea kidogo ila sio sana maana msimu wa harusi ukipoa na mfuko unapoa.

Maswali yangu: nichukue i5 au i7 za Intel au niende Ryzen za AMD? Kuna muuzaji kaniambia nichukue i9 ya zamani ni bora kuliko i5 mpya, ni kweli? RAM GB 16 inatosha au 32? DDR4 au DDR5? Na hizo herufi za mwisho K, F, G zinamaanisha nini maana bei zinatofautiana na mtu dukani hakunielewesha. Natanguliza shukrani.

simba_wa_Kwamtogole

Mkuu usihangaike na i5 sijui i7, tafuta Xeon E5-2680 v4 na mazabodi ya X99 ya Kichina. Kori 14 (sehemu za prosesa zinazopiga kazi kwa pamoja), thredi 28 (njia za kazi, mbili kila kori) kwa bei ya kutupa, na RAM za seva zake za DDR4 zinapatikana rahisi sana unaweka GB 64 ukacheka mwenyewe. Mimi ninayo inapiga kazi. Hao wa i5 kori 6 watakufikia wapi.

fundi_waya

Mzee wa lensi karibu sana. Kabla sijakujibu la prosesa ngoja nimjibu Simba kwanza, maana ushauri huu huwa unaponza watu. Hiyo Xeon ni ya 2016, kori ni nyingi kweli lakini moja moja ni polepole, ikijitahidi sana inafika GHz 3.3. Premiere sio programu inayojua kugawa kazi kwenye thredi 28, kwenye kuediti kwenyewe yani kukata, kusogeza, kuplay, inategemea zaidi kasi ya kori chache. Inakula W120, haina grafiki ya ndani (sehemu ya picha na video iliyomo kwenye prosesa yenyewe), na haipo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Ukiwa unarenda vitu vya 3D usiku kucha sawa naelewa, kwa harusi za mzee wa lensi hapana. Na RAM zake za seva ukija kubadilisha mashine huziweki kwenye mazabodi ya kawaida, zinaitwa registadi, unaweza kuzichomeka zikakaa vizuri tu na mashine isiwake.

Sasa mzee, swali la i5 au i7 ni la pili. La kwanza ni hilo faili linalotoka kwenye kamera. R6 ukiwasha Canon Log (picha iliyopauka ya kurekebishia rangi baadae) inarekodi H.265 ya bits 10 kwa 4:2:2, hizo namba ni kiasi cha rangi kinachohifadhiwa. Ukizima Log inarekodi H.264 ya bits 8 kwa 4:2:0. Hivyo vitu viwili kwa macho vinafanana ila kwa kompyuta ni mbingu na ardhi. Faili la pili karibu kila kadi na kila prosesa ya miaka hii ina sehemu maalum ya kulifungua, prosesa yenyewe wala haichoki. Lile la kwanza, la 4:2:2 bits 10, ndo balaa, RTX 3060 yako hailifungui. Ndio, kadi yote hiyo na GB 12 zake, inafungua 4:2:0 na hata 4:4:4 lakini 4:2:2 hapana, Nvidia wameanza kuiweka kwenye RTX 50 za mwaka 2025. Grafiki za ndani za Ryzen nazo hapana. Anayelifungua ni Intel, kwenye ile grafiki yake ndogo ya ndani, kuanzia jenereshani ya 11 kuja juu. Jenereshani ya 8 uliyonayo haifungui ndio maana kazi yote inaangukia kwenye kori za laptopu na bibi harusi anabaki mlangoni.

Kwahiyo fanya hivi, pakua programu ya MediaInfo ni ya bure, fungua klipu moja ya R6, angalia sehemu ya video kuna mstari wa 4:2:0 au 4:2:2 na karibu yake bits 8 au 10. Ukileta jibu hapa ushauri wa prosesa unakuwa rahisi sana.

Herufi: F maana yake grafiki ya ndani imezimwa, ndio maana inakuwa bei chini kidogo. Kwa wewe F ni sumu kama faili ni 4:2:2. K unaweza kuipandisha kasi mwenyewe, inakula umeme zaidi na inataka feni kubwa, na kwa joto la Tanga sioni faida. T ni ya umeme mdogo W35 iko taratibu. Upande wa AMD, G ina grafiki ya ndani yenye nguvu kidogo, X imeongezwa kasi. Na ujue Ryzen 5000 zisizo na G hazina grafiki ya ndani kabisa, huku ofisini kwangu kaletwa kijana na kompyuta yake mpya kabisa ya Ryzen 5 5600, dukani wamemwambia mazabodi mbovu akaambiwa anunue nyingine, kumbe hana kadi ya grafiki, kachomeka HDMI nyuma ya mazabodi anasubiri picha. Ingetoka wapi.

Hilo la i9 ya zamani: i9 ya jenereshani ipi? Namba ya mbele haisemi kitu bila ya nyuma. i5-12400 ya 2022 inaipita i7-8700 bila jasho na zote zina kori 6 thredi 12.

mzee_wa_lensi

Fundi umenifumbua macho wallahi. Nimefungua MediaInfo sasa hivi, klipu za R6 ni HEVC (ndo hiyo H.265), 4:2:2, 10 bits. Za M50 ni AVC (yani H.264) 4:2:0 8 bits. Na kweli sasa nakumbuka za M50 huwa haziniletei shida sana, nilidhani ni kwa sababu kamera ni ya bei rahisi!! Log natumia kwa sababu kumbi zetu taa ni za ajabu, mara zambarau mara kijani, nikipiga kawaida sura za watu siwezi kuziokoa.

kijana_wa_deira

Salaam wakuu, niko Dubai huku nafanya kazi ya vifaa hivi hivi. Nakubaliana na fundi kwenye 4:2:2 ila nataka niongelee upande wa pili, maana watu wengi wa nyumbani wananunua leo bila kuangalia kesho.

LGA1700, yani soketi ya Intel jenereshani ya 12, 13 na 14, imeshafika mwisho. Intel wameshahamia LGA1851 na Core Ultra tangu Oktoba 2024. Ukinunua mazabodi ya LGA1700 leo ukitaka kuongeza nguvu mbele unabaki ndani ya hizo hizo jenereshani tatu. Soketi ya AMD, AM5, imeanza 2022 na wenyewe wamesema wataihudumia mpaka 2027 na kuendelea. Ryzen 5 7600 ni kori 6 thredi 12, W65, inakuja na feni yake kwenye boksi, ina na grafiki ya ndani ndogo ya kuonyesha picha. Baada ya miaka kadhaa unatoa prosesa unaweka nyingine, mazabodi na RAM zinabaki. Na kadi ukibadilisha ukaweka RTX 5060 hilo tatizo la 4:2:2 linaisha bila kutegemea Intel.

Tatizo sasa ni AM5 inakubali DDR5 peke yake, na hapa ndo pagumu. Wakuu bei ya RAM imechafuka. Tangu mwishoni mwa 2025 kila wiki tunabandika bei mpya, wateja wanadhani tunawaibia. Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanaotengeneza karibu chipu zote za memori duniani na sasa hivi wanapeleka nguvu kwenye seva za AI huko ndo kuna hela, Desemba 2025 Micron wakatangaza wanaachana kabisa na Crucial, ile RAM tuliyozoea kumshauri kila mtu. DDR4 nayo imepanda maana viwanda vinaiacha taratibu. Kwahiyo yale mahesabu ya zamani ya kusema prosesa ndo ghali RAM tutaongeza baadae yamegeuka, siku hizi RAM inaweza kukaribia bei ya prosesa au kuipita.

Kama una ndugu huku mwambie apite Al Ain Centre pale Bur Dubai, maduka ni mengi yanashindana. Ila aulize bei ya siku hiyo, asije na bei ya mwezi uliopita kichwani.

bi_tausi_films

Jamani mmeongea mengi ya chuma ngoja na mimi niongee ya kazi. Kaka mzee wa lensi mimi pia ni wa harusi, niko Moro. RAM GB 16 usijidanganye. Adobe wenyewe kwa 4K wanasema 32 au zaidi na sio kwamba wanakuuzia maneno. Mimi nilikuwa na 16, Premiere imefunguliwa, Chrome imefunguliwa maana kuna mteja anatuma nyimbo WhatsApp Web, Photoshop ya kava la picha, hapo hapo mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye SSD na kila kitu kinakuwa kizito. Na 32 nafungua vyote na sijali. Ukigusa After Effects kwa zile intro za majina ya maharusi ndo kabisa, ile inameza RAM yoyote utakayoipa, inahifadhi fremu humo ili ikuplay vizuri.

Cha pili kaka, kama hela haitoshi saizi usikae ukasubiri huku kazi zinalala, tumia proksi. Unaingiza klipu Premiere inakutengenezea nakala nyepesi, unaediti kwa nakala, ukitoa kazi inarudi kwenye faili halisi yenyewe. Jumapili usiku ukirudi ukumbini unaacha mashine inatengeneza proksi unalala, asubuhi unaamka unakata kama huna tatizo. Nimeedit harusi za kamera tatu kwa laptopu chovu kabisa kwa njia hiyo. Inakula nafasi ya SSD ndo ubaya wake, TB 1 utaijaza haraka, mimi kazi ikiisha nafuta proksi zote.

Kijana wa Deira hilo la kusema ataweka prosesa nyingine baadae ni sahihi kwenye makaratasi lakini kwa wangapi umeona inatokea? Wapiga picha ninaowajua mimi hela ikipatikana wananunua lensi. Kompyuta inabadilishwa ikifa.

kijana_wa_deira

😂😂 Dada Tausi hapo umenipiga. Lensi kweli.

Nai_boy254

Niaje wasee, kutoka Nairobi. Mimi ningeuliza kitu moja tu, kwa nini usichukue tu mashine ya ex-UK (used kutoka Uingereza), zile HP EliteDesk ama Dell OptiPlex? Huku kwetu zimejaa, unapata i7 ya 8th gen kamili na casing na Windows kwa pesa kidogo, unaongeza RAM unaingia kazini. Hiyo pesa ingine unaweka kwa lens kama dada hapo juu amesema.

fundi_waya

Nai_boy kwa mtu wa ofisi, stationari, shule, hizo ni bora kuliko mpya na mimi nauza kila wiki. Kwa huyu ndugu yetu ni jenereshani ile ile ya 8 anayoikimbia, 4:2:2 haifungui, na zile ndogo bapa pawa saplai yake ni kama W250 tena ya umbo lake yenyewe, RTX 3060 haiingii kwa urefu wala kwa umeme.

Sasa mzee, kwa majibu ya MediaInfo mimi ningekuwa wewe ningeenda hivi. Prosesa i5-12500 au ukiweza i5-13500. Watu wanachukua 12400 kwa kuwa ni maarufu, na ni nzuri, ila kuna kitu kidogo hakisemwi sana, 12400 ina grafiki ya UHD 730 yenye injini moja ya kufungulia video, 12500 ina UHD 770 yenye mbili. Kori ni zile zile 6, kwenye magemu hutoona tofauti yoyote, ila kwa mtu anayeweka kamera mbili kwenye timelaini moja injini ya pili ina kazi. 13500 inakuongezea kori ndogo 8 juu ya zile 6 kubwa, jumla thredi 20, hizo zinasaidia sana wakati wa kutoa kazi (export).

Kuna watakaokutisha na lile tatizo la Intel jenereshani ya 13 na 14, zile zilizokuwa zinapata volti kubwa mpaka zinachoka na kuzima gemu katikati. Ni kweli lilikuwepo na Intel walitoa marekebisho ya BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine) Agosti na Septemba 2024 wakaongeza na waranti miaka miwili, lakini zilizotajwa ni kuanzia i5-13600K kwenda juu, 12500 na 13500 hazimo. Hata hivyo mazabodi yoyote ukinunua cha kwanza apdeti BIOS, hiyo ni tabia nzuri tu.

Mazabodi B660 au B760 ya DDR4. Hapa kuwa makini mno, maana mazabodi ya jina moja inatoka ya DDR4 na ya DDR5, nyingi za DDR4 zinaandikwa D4 au DDR4 mwishoni. Ukikosea huwezi kulazimisha, lile pengo la katikati ya RAM limekaa sehemu tofauti haziingiliani. H610 ni rahisi zaidi lakini nyingi zina sloti mbili tu za RAM, ukiweka vipande viwili vya 8 leo kesho ukitaka 32 unavitoa vyote unavitafutia mnunuzi.

RAM chukua DDR4 3200 GB 32 kwa vipande viwili vya 16, pakiti moja. Sio kipande kimoja cha 32. Kipande kimoja kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili kwenye chaneli mbili 51.2, na wewe grafiki ya ndani itakuwa inakopa RAM hiyo hiyo kufungulia video kwahiyo utaiona tofauti. Kama hela imebana sana kwa hizi bei za sasa basi bora viwili vya 8 kwenye mazabodi ya sloti nne uongeze mbele, dada Tausi atanisamehe, na proksi zake zitakuvusha hapo katikati. Usichanganye na kipande cha zamani cha kasi nyingine ulichookota kwenye droo, zote zitashuka zifuate cha polepole, au mashine isiwake kabisa.

DDR5 kwa kazi yako faida yake ni ndogo ukilinganisha na hela utakayoongeza sasa hivi. Ingekuwa bei za katikati ya 2025 ningekwambia vingine, ningekubaliana na kijana wa Deira moja kwa moja, 7600 na DDR5 6000 mambo yameisha.

Na sasa kitu ambacho wengi wanakikosa, wananunua Intel yenye grafiki halafu hawaoni faida. Ukishachomeka RTX, mazabodi nyingi zinaizima ile grafiki ya ndani zenyewe. Ingia BIOS tafuta sehemu ya grafiki, kuna kipengele cha iGPU Multi-Monitor au jina linalofanana na hilo, washa. Skrini endelea kuichomeka kwenye RTX. Ukirudi Windows weka draiva za Intel, fungua Task Manager utaona GPU mbili. Play klipu ya R6 kwenye Premiere na uangalie ile ya Intel kwenye grafu ya Video Decode, ikipanda ujue inafanya kazi. Ikilala sifuri na prosesa iko asilimia 90 rudi BIOS.

simba_wa_Kwamtogole

Fundi sawa nimekuelewa kwenye 4:2:2, hilo nilikuwa sijui kwakweli. Ila X99 yangu siiuzi 😅

bi_tausi_films

Fundi nimekusamehe. Na mimi nimeenda kuangalia Task Manager yangu hapa, i5-12400, GPU nilikuwa naona moja tu siku zote. Nimewasha hiyo ya BIOS sasa hivi zimetokea mbili. Mwaka mzima nimekuwa nalala na proksi 🤦🏾‍♀️ Klipu za Sony za 4:2:2 za H.265 zinaplay zenyewe. Zile za H.264 za 4:2:2 bado zinakwama lakini, ni kawaida?

fundi_waya

Kawaida dada. Intel za jenereshani hiyo zinafungua 4:2:2 ya H.265 tu, H.264 ya bits 10 hazifungui. Kwenye Sony yako rekodi kwa XAVC HS badala ya XAVC S, hiyo HS ndio H.265. Faili litakuwa dogo pia.

mzee_wa_lensi

Wakuu mbarikiwe sana, huu uzi nauhifadhi. Nimeamua: i5-13500 nikiipata, ikishindikana 12500, mazabodi B760 ya D4 yenye sloti nne, RAM 2x16. Nina mdogo wangu yuko Dubai nimeshampigia, anasema Ijumaa yuko mapumziko ataenda hapo Al Ain Centre. Kariakoo nilipata bei ya prosesa nzuri tu ila RAM walinitajia nikajifanya sijasikia.

Swali la mwisho, prosesa feni inayokuja nayo inatosha kwa joto la huku? Na umeme wetu mnaujua, unakatika na kurudi kwa kishindo. Na dogo aangalie nini asipigwe maana yeye ni mpishi hajui chochote.

fundi_waya

Feni ya kwenye boksi itaendesha mashine ila ukitoa kazi ya saa mbili itapiga kelele na prosesa itajishusha kasi, 13500 inaandikwa W65 lakini ikikimbia inavuka W150. Chukua feni ya mnara ya sentimita 12, za bei ya kawaida tu, ila pima kesi yako kwanza urefu inaoruhusu. Kwa umeme weka UPS yenye betri, sio kile kisanduku cha soketi sita kinachoitwa protekta. Angalia na watt zake, VA 650 nyingi zinatoa W360 hivi, RTX 3060 peke yake ni W170 ikifanya kazi, kwahiyo nenda VA 1200 hivi upate muda wa kusevu na kuzima.

Kuweka RAM ukifika: ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sloti ya 2 na ya 4. Bonyeza mpaka usikie mlio pande zote. Mashine mpya ikigoma kuwaka mara nyingi ni RAM haijakaa, usikimbilie kusema mbovu.

kijana_wa_deira

Kwa mdogo wako: kabla hajalipa apige picha vitu vitatu akutumie WhatsApp. Boksi la prosesa upande wenye namba, mwishoni kusiwe na F. Lebo ya mazabodi pale penye D4. Na stika ya RAM yenyewe sio boksi, isome DDR4, 3200, na iwe ya desktopu, ndefu, maana za laptopu ni fupi nusu yake na boksi zinafanana. Achukue risiti yenye serial namba za vifaa maana bila hiyo waranti hakuna anayekusikiliza. Ijumaa aende jioni, baada ya swala.

mzee_wa_lensi

Nimemtumia yote hayo kama yalivyo. Kauliza kama anaweza kunibebea kwenye begi la mkononi, mazabodi na hizo RAM.

kijana_wa_deira

Anaweza, abebe mkononi kabisa asiweke kwenye mzigo wa chini. Prosesa aiache ndani ya boksi lake, zile mifuko ya plastiki ya rangi ya fedha asizitoe, na asije akatupa kile kifuniko cha plastiki cha soketi ya mazabodi mpaka prosesa iingie, chini yake kuna pini ndogo ndogo zikipinda waranti hawaitambui.